Ngozi ya Mnyama kwa Tumbo la Waridi

"Nguruwe!"

Neno hilo ndilo tulilolisikia mara ya mwisho, likipigwa kwa sauti ya kupasua mabati, na tangu hapo mmeniuliza njiani na sokoni: ikawaje? Basi turudi pale pale, tusipoteze wino.

Mahamudi, dereva wa Fuso katika barabara ya Rutshuru, alikuwa amesimama katikati ya wodi ya wanawake, ndani ya hospitali ndogo ya masista kule Katoyi, mjini Goma. Mkononi alikuwa na kisanduku cheupe alichokipokonya kwenye toroli ya muuguzi. Ubavuni mwa kisanduku kulikuwa na maandishi ya Kifaransa, na shule yake fupi ilitosha kumfumbulia maneno mawili. *Derme porcin.* Ngozi ya nguruwe.

Kitandani alilala mkewe, Waridi, muuza vitenge wa soko la Birere. Alilala chali, viganja viwili juu ya tumbo, kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria kisiruke.

Na kati ya kitanda na Mahamudi alisimama Dokta Katungu, mpasuaji, mwanamke wa Kinande kutoka Butembo, asiyejua kubembeleza.

"Weka hicho kisanduku chini," dokta alisema.

"Jibu kwanza! Hii njo munataka kuweka kwa tumbo ya bibi yangu?"

"Njo hiyo."

Mahamudi alitegemea akane. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, si kwa jibu fupi namna ile. Akababaika, kisha hasira ikamrudia maradufu.

"Sisi ni Waislamu, Dokta! Babu yangu alitoka Maniema kwa miguu, hakuonja kitu haramu njia nzima. Leo weye unataka kumushonea bibi yangu nguruwe ndani?"

"Papa Mahamudi, unajua tumbo ya bibi yako iko namna gani?"

"Iko na ngiri. Watu wengi wako na ngiri."

"Haiko kama ya watu wengi."

Dokta alishika shuka na kuifunua. Mahamudi hakuwa amelitazama tumbo lile tangu kipande cha bomu kilipolichana mwezi wa saba, siku watu walipoukimbia mji wa Rutshuru. Alijua habari tu: mkewe alipasuliwa haraka, tumbo likaachia, wakamziba kwa wavu wa plastiki, wavu ukatunga usaha, wakautoa. Sasa aliona. Katikati ya tumbo la mkewe hapakuwa na nyama. Palikuwa na uvimbe mkubwa kama tikiti, na ngozi juu yake ilikuwa nyembamba, inang'aa. Na chini ya ngozi kitu kilikuwa kikijongea chenyewe, polepole.

Matumbo.

Akageuza uso.

"Angalia!" dokta akamwambia. "Umepiga kelele hospitali nzima, sasa angalia. Siku akikohoa vibaya, hiyo ngozi itapasuka. Plastiki siwezi kurudisha, kidonda kingali kichafu, na vijidudu vinajificha ndani ya plastiki. Hii ngozi imeoshwa mpaka hakuna damu, hakuna nyama, zimebaki nyuzi. Ni kama nyumba iliyobaki miti tu, udongo umetoka. Mwili wa Waridi utapaka udongo wake mwenyewe juu ya hiyo miti. Damu yake itapita ndani yake na kupigana na usaha."

"Miti ya nguruwe!"

"Ndiyo. Sikukuficha."

"Mimi hukuniambia!"

"Tumbo si yako."

Ah! Mahamudi alipiga hatua moja. Wanawake wa vitanda vya jirani wakavuta blanketi. Huenda angemzaba kofi mpasuaji wa watu mbele ya mashahidi, lakini mlango ulifunguka.

Aliingia Alima, dada yake mkubwa, yaya kwa lugha ya Goma, akitweta. Nyuma yake alikuja mzee mwenye kanzu ya kijivu na kofia iliyofumwa: Shehe Jumaine, imamu wa msikiti wao. Mahamudi ndiye aliyemtuma Alima akamlete, tangu alipopata fununu ya ngozi hiyo.

Mahamudi akavimba kifua. Sasa ukweli umefika!

"Shehe! Waambie! Hii kitu halali ao haramu?"

Shehe Jumaine hakukigusa kisanduku. Alimtazama Waridi, Waridi akamtazama, na Mahamudi aliona kitu kati yao asichokipenda.

"Mahamudi," mzee alisema, "hilo swali nimekwisha kulijibu."

"Kwa nani?"

"Kwa mimi," Waridi akasema.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, maana hakuthubutu kuvuta pumzi nyingi. Lakini ilifika kila kona.

"Dokta aliniambia mbele, mbele hata kisanduku hakijafika. Nikamutumia muzee mutu. Akakuja. Akauliza Dokta kama iko dawa ingine yenye salama. Dokta akasema salama njo hii. Muzee akasema mwenye dharura hana dhambi. Nikakubali. Nikatia kidole kwa karatasi yao."

"Bila miye?"

"Bila weye."

"Mimi ni bwana yako!"

"Njo maana sikukuambia. Nilijua utafanya hivi unafanya."

Alima akadakia. Mama huyu hakumpenda Waridi tangu siku ya ndoa, na alikuwa ameingoja siku kama hii kwa miaka.

"Umesikia, ndugu yangu? Mwanamuke anapanga mambo ya mwili wake na Wanande, wewe unafichwa kama mutoto! Shehe aseme anachosema. Miye nasema hivi: akiwekwa hiyo uchafu, asikanyage kwetu tena. Sahani yake nitaitupa ziwani."

"Kwenu?" Waridi akauliza. "Kwenu ni wapi, yaya Alima? Ni ndani ya Fuso?"

Alima akarudi nyuma hatua moja.

"Nyamaza, Waridi," Mahamudi akasema upesi. "Hiyo mambo si ya hapa."

"Iko ya hapa. Weye unasimama mbele ya watu unalilia tumbo yangu. Waambie basi nani aliniacha nayo wazi pale Rugari."

Mwanamke wa kitanda cha jirani akainuka kwa kiwiko ili asikie.

"Waridi…"

"Bomu ilianguka kando ya barabara. Nilikuwa nimeshuka kumushika bibi kizee mumoja, apande. Nikaanguka. Nikaona matumbo yangu kwa mikono yangu, Shehe. Nikamuita. Yaya Alima alikuwa kwa kiti ya mbele, anapiga kelele: endesha, endesha! Na huyu akaendesha."

"Nilizani umekufa!"

"Bongo! Uongo mutupu!"

"Wallahi nilizani umekufa! Watu walikuwa wamejaa ndani ya gari, watoto, ningefanya nini?"

"Bongo, Mahamudi! Tuliangaliana ndani ya kioo. Miye chini, weye juu. Uliniona niko nakuona. Kisha ukatia vitesi, gari ikaenda."

Hapo, wasomaji wangu, mwanamume mwenye akili angepiga magoti. Au angetoka nje akalie peke yake kwenye mawe ya volkano. Mahamudi hakufanya hata moja. Macho yote yalikuwa juu yake: ya dokta, ya shehe, ya wanawake wagonjwa. Alitafuta mahali pa kuficha uso wake asipaone. Mikono yake ikawa na wazimu wake. Ikakibana kile kisanduku.

"Usifungue!" dokta akapiga kelele. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. "Papa, usifungue, ikiguswa na hewa imekufa!"

Akafungua. Akararua karatasi, akararua mfuko wa kwanza, akararua wa pili. Maji ya chumvi yakamwagika kwenye viatu vyake. Ndani mlikuwa na kipande cheupe, laini, kama kitambaa cha ngozi cha kufutia vioo vya gari kilicholowa. Hakikunuka. Hakikufanana na mnyama yeyote. Mahamudi akakitupa sakafuni, akakikanyaga.

"Haya!" akasema akihema. "Imekwisha. Mutu asiniletee tena mambo ya Rugari wala ya nguruwe. Imekwisha!"



Dokta Katungu aliinama, akakiokota kwa vidole viwili, akaitazama alama ya kiatu juu yake. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ilikuwa moja," alisema. "Nimeiomba tangu wavu ilioza. Waasi wako Kibumba, ndege haitui tena, na hakuna ingine Goma yote. Umemukanyaga bibi yako, papa. Hukukanyaga nguruwe."

"Mutafanya ingine namna…"

"Toka mbele yangu."

Na Waridi? Waridi alikuwa ameona kiatu kikishuka. Aliinua kichwa, akainua mabega, akasahau kila alichoonywa. Akapiga ukelele mmoja, si wa maumivu bali wa ghadhabu, ukelele aliokuwa ameufungia tangu Rugari.

Ukakatika katikati.

"Dokta," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshangaa. "Dokta, iko majimaji."

Ngozi ilikuwa imepasuka.

Sitawaeleza kila kilichoonekana pale. Muuguzi mmoja alikimbia kuita wenzake, mwingine akaleta vitambaa safi vilivyoloweshwa. Dokta Katungu alikuwa tayari juu ya kitanda, goti moja kwenye godoro, viganja vyake vimeyakusanya matumbo ya Waridi kama mtu anayekusanya vifaranga mvua ikija. Akawa anatoa amri bila kupumua: damu, dawa ya usingizi, taa, jenereta, haraka.

"Chukueni yangu!"

Walimwona Mahamudi amepandisha mguu wa suruali. Alikuwa anajipiga paja.

"Dokta, kata hapa! Toa ngozi yangu, toa nyama, toa yote, mushonee. Mimi niko na damu nzuri. Kata!"

"Mwili wake utaitupa," dokta akasema bila kumgeukia. "Nyama ya mutu mwingine haikai. Ile ya nguruwe ilikuwa imeoshwa, yako hapana."

"Sasa utamuziba na nini?"

"Na yake mwenyewe."

Shehe Jumaine akasogea. "Inawezekana, Dokta? Nilikuuliza kama kuna njia nyingine."

"Uliniuliza njia ya salama, muzee. Hii haiko salama. Kwa paja ya mutu, chini ya ngozi, kuna utando mugumu sana. Naweza kuukata nikaushone kwa tumbo. Lakini ni kidonda cha pili kwa mwanamuke ambaye cha kwanza kinamumaliza. Atalala kwa dawa muda murefu, na damu yake ni kidogo. Sikutaka kabisa kufika hapa." Akamtazama Mahamudi hatimaye. "Tumefikishwa."

Kitanda kikasukumwa mbio. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Mahamudi akabaki kwenye ukumbi, mguu mmoja wa suruali juu, mwingine chini.

Asubuhi ilikatika. Upande wa Munigi mizinga ilianza kunguruma, na kila ilipolia, vioo vya madirisha vilitetemeka. Nje ya ukuta watu walipita wakitoka Kanyaruchinya na magodoro vichwani, na vijana wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa masufuria na mbuzi. Alima alisikiliza mizinga, akaufunga mtandio wake.

"Twende, Mahamudi. Fuso iko kwa uwanja. Mafuta iko. Tupite Sake, tufike Minova mbele ya njia kufungwa."

"Na Waridi?"

"Waridi ako na dokta wake."

Akamtazama dada yake. Ilikuwa sauti ile ile. *Endesha.* Alijiona tena ameshika usukani, na mwanamke mdogo ndani ya kioo, mkono juu, akizidi kuwa mdogo.

"Enda," akamwambia.

"Nani ataendesha?"

"Enda na miguu, yaya. Kama wengine."

Alima alimtukana tusi ambalo gazeti halichapishi, akaondoka. Usifikiri Mahamudi alijiona shujaa. Alijikuta tu miguu haimsogei. Alikaa kwenye benchi, na Shehe Jumaine, aliyekuwa kwenye benchi hilo hilo, akainuka akaenda kukaa upande wa pili.

"Shehe, niombee."

"Namuombea Waridi," mzee akajibu. "Weye nitakufikia baadaye."

Jenereta ilizima mara moja. Ukumbi mzima ulisikia dokta akitukana kwa Kinande ndani ya giza. Ikawaka. Mahamudi alikuwa ameng'ata ngumi yake mpaka damu.

Jua lilikuwa limeelekea Sake, magharibi, pale mlango ulipofunguka. Dokta Katungu alitoka, kofia mkononi, nywele zimelowa jasho. Alikuwa anaegemea ukuta kwa bega.

"Ako muzima," alisema. Alimwambia shehe, si Mahamudi. "Utando wa paja ulitosha, lakini kidogo sana. Nimeushona kuzunguka shimo lote. Kama usaha haurudi, na kama hanyanyui kitu, atapona. Atachechemea kwa muda. Lakini asitingishwe. Akipakiwa kwa gari leo, kila kitu kitafumuka."

"Asante, Dokta," Mahamudi akasema.

"Usiniambie asante. Kama angekufa, ningekufungulia mashitaka na mikono yangu miwili."

"Naweza kumuona?"

"Amekuwa anaamuka. Nimemuuliza kama anataka kukuona."

"Akasema?"

"Akasema uingie. Sijui kwa nini. Mimi ningekataa."

Waridi alikuwa mweupe kama shuka. Tumbo lake, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, lilikuwa bapa chini ya bandeji. Paja la kulia lilikuwa limefungwa nene. Mahamudi alisimama miguuni pa kitanda.

"Waridi."

Akashika chuma cha kitanda.

"Yaya Alima amekimbia. Mimi nimebaki."

Macho ya Waridi yalikuwa wazi, yakimtazama bila chuki na bila huruma, kama anavyomtazama mteja aliyeshika kitenge asichoweza kukilipia.

"Sema kitu. Nitukane."

"Niko nachoka," Waridi akasema. "Kaa hapo. Nataka nikuone vizuri."

Akakaa. Amesema kaa! Mwanamume yule, ndugu zangu, akaanza kutumaini.

Hapo ndipo lango la hospitali lilipogongwa kwa kitako cha bunduki.

Hawakungoja kufunguliwa. Waliingia wanaume wenye mabuti ya mpira, matope mpaka magotini, na nguo za kijeshi ambazo hazikuwa za serikali. Mji ulikuwa umeanguka na hakuna mtu ndani ya hospitali ile aliyejua saa uliyoanguka. Walipita kitanda kwa kitanda. Mkubwa wao, mrefu, mwenye kovu chini ya jicho, alisimama mlangoni pa chumba cha Waridi.

"Kule uwanjani kuna Fuso," alisema. "Tuna risasi za kupeleka mbele, Sake. Dereva yake nani?"

Dokta Katungu alijisogeza mbele. "Hapa ni hospitali. Kuna wagonjwa tu."

"Sikuuliza kama ni hospitali. Nimeuliza dereva."

Shehe Jumaine alitazama sakafu. Muuguzi alitazama dirisha. Mahamudi alikuwa ameinama kwenye kiti, kofia ya muuguzi aliyoiokota sijui wapi imeshuka mpaka kwenye nyusi, na ungemwona ungedhani ni mfagiaji. Barabara ya Sake! Kila mtu alijua wanajeshi wa serikali wamejipanga kule, na gari la kwanza lenye risasi litakalotokea ndilo litakalopigwa. Dereva wa gari lile hatarudi.

"Dereva hakuna," dokta akasema tena, kwa uso mkavu. "Alikimbia na dada yake."

Mwenye kovu akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, akawageukia vijana wake. "Twende. Tutatafuta mwingine Birere."

Walianza kutoka. Mahamudi akaachia pumzi.

"Afande."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyethubutu kujaza kifua. Mwenye kovu akarudi hatua moja.

Juu ya kitanda, Waridi alikuwa ameinua mkono wake, sindano ya maji ikining'inia kwenye mshipa. Kidole kimoja kilikuwa kimenyooka moja kwa moja usoni pa mumewe.

"Funguo iko kwa mufuko yake ya kushoto," alisema.